Kumi Kurudi Moja: Boti ya Watu wa Pito

Huku Pito, Sumbawanga, watu wakiona tanga limetandazwa uani huuliza kwanza nani amefariki. Siwalaumu. Nguo kubwa kama turubai, asubuhi ya Juni, baridi ya Ufipa imekamata mpaka masikio: mtu mwenye akili atafikiri msiba. Jirani yangu alikuja kanga kichwani na pole mdomoni, akamkuta Mwalimu, mume wangu, amepiga magoti anapaka uzi nta, nami nimekaa katikati ya nguo nyeupe kama bibi harusi.

"Kuna nini?"

"Tunashona tanga."

"La nini?"

"La boti."

Akatazama mahindi upande huu, akatazama milima ya Mbizi upande ule. "Boti ya wapi jamani?"

Swali hilo nimeulizwa sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Leo nalijibu kwa kuhesabu kurudi nyuma, kumi hadi moja, kama Mwalimu anavyowafanyia watoto wa darasa la kwanza anapotaka wanyamaze.

10. Boti haikai Pito

Tuanze na jepesi. Boti inakaa Kipili, wilaya ya Nkasi, mwambao wa Ziwa Tanganyika, chini ya mwembe wa shemeji yangu. Sisi tuko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 773 hivi. Ukitoka Sumbawanga asubuhi unavua nguo njia nzima: koti Chala, sweta Namanyere, na barabara ikianza kuteremka kwenda ziwani umebaki na gauni tu. Mimi hujua tumekaribia kwa kuhesabu nguo zilizorundikana mapajani.

9. Tanga lilishonwa kwa cherehani ya kukanyaga

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, magauni ya kipaimara, mashati ya kwaya. Mwalimu aliponiletea mchoro wa tanga, ameuchora nyuma ya karatasi ya mtihani wa hisabati, nilimuuliza swali moja tu: kiuno kiko wapi?

"Tanga halina kiuno, Fundi."

Halina kiuno, lakini lina kifua. Hilo nilijifunza kwa kuharibu kipande cha kwanza. Ukiunga mapande ya nguo kwa kingo zilizonyooka, unapata shuka. Upepo unaligonga na kuteleza. Lazima kila ukingo ukatwe kwa mpindo mdogo sana, upana wa kidole katikati, ukienda ukiisha pembeni, kama unavyokata kifua cha blauzi. Mapande yakiungana, tanga linatuna lenyewe. Mwalimu alikuwa amesoma hayo kitabuni kwa mwezi mzima. Mikono yangu ilikuwa inayajua kwa miaka ishirini na haikuwa na habari kwamba ni elimu ya mabaharia.

Tulitumia marekani nzito, mshono wa kulaza, ule wa suruali za jinzi, uzi mara mbili. Kisha ikaja dasi, kamba inayoshonewa ukingoni mwa tanga lisiraruke. Hiyo haiingii kwenye cherehani. Unashona kwa mkono, kwa shazia, ile sindano nene ya mikeka, na kila tundu unalisukuma kwa kiganja ulichokivika kipande cha ngozi ya kiatu. Wiki tatu. Gumba langu lilikuwa gumu kama kisigino, na Mwalimu aliliangalia jioni moja kwenye mwanga wa taa, akalishika muda mrefu, akasema: "Hili ni gumba la nahodha." Nimepewa sifa nyingi maishani kwa magauni. Hiyo ndiyo ninayoikumbuka.

Kuna jambo la maneno pia. Mwalimu alizaliwa Kirando, ana maneno ya majini: foromali, ule mti unaobeba tanga, henza, kamba ya kulitwekea, demani, kamba ya kulishika lisikimbie, joshi, upande upepo unakotoka. Maneno hayo ni ya pwani, yalipanda na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu mpaka Ujiji, yakatawanyika na majahazi yao. Mwaka 1858 Speke alivuka ziwa zima kwenda kisiwa cha Kasenge kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim jahazi, kwa sababu mitumbwi haikumtosha. Akarudi bila jahazi, na njiani mdudu alikuwa amemwingia sikioni akamwachia uziwi. Mwalimu hunisimulia habari hiyo kila ninaposema "ile kamba."

"Kwenye boti hakuna 'ile kamba', Fundi. Unataka nipate uziwi?"

"Na kwenye cherehani hakuna 'kile kidude', Mwalimu. Jana umekitaja mara tatu."

8. Tulibeba dagaa kuwapeleka ziwani

Ilikuwa Juni 2024. Serikali ilikuwa imepumzisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Sisi likizo ya shule ni Juni, na boti haiendi bila mboga. Kwa hiyo nilinunua dagaa soko la Sumbawanga, kilo mbili, nikapanda nao basi la kwenda Kipili. Kondakta akafungua mfuko kunusa, akafunga, akaniangalia.

"Mama, hawa unawarudisha kwao?"

Basi zima likacheka, na mzee mmoja nyuma akasema wapewe tiketi ya nusu.

Lakini tulipofika, kicheko kilinikauka. Boti zimepandishwa nchi kavu, nyavu zimekunjwa, vijana wanacheza drafti saa nne asubuhi. Vichanja vya kuanikia dagaa vitupu, na chini ya kimoja mwanamke wa umri wangu amekaa anachambua maharage kidogo sana kwa muda mrefu sana. Nilimgawia dagaa nusu ya mfuko. Alicheka, akasema ni mara ya kwanza maishani mwake kupokea dagaa kutoka mlimani.

Tulibishana mimi na Mwalimu usiku ule. Yeye alisema dagaa huishi mwaka mmoja na kidogo tu, ukiwaachia miezi mitatu unawaachia sehemu kubwa ya maisha yao, na ziwa litalipa. Mimi nilisema ziwa litalipa, ndiyo, lakini yule mama anakula leo. Nashikilia hivyo mpaka sasa: samaki wapumzishwe, na mwanikaji awekwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Mwalimu anasema tuko upande mmoja. Namwambia basi angeanza kwa kusema hivyo.

Miaka mingine usiku wa giza ziwa lote huwa mji: taa za wavuvi, karabai zamani, siku hizi za sola, zimejipanga mpaka upeo wa macho. Usiku ule hapakuwa na hata moja. Nyota zilishuka mpaka majini, ukashindwa kujua ziwa linaishia wapi.

7. Hatuna injini

Kuna wanandoa, Lin Pardey Mmarekani na mumewe Larry, mtu wa Kanada, walizunguka dunia kwa boti za mbao walizojenga kwa mikono yao, bila injini. Mwalimu alinionyesha picha yao. Nikamuuliza kama na wao walikuwa na ada ya watoto wawili sekondari. Tumekubaliana hivi: wao walikataa injini kwa imani, sisi kwa bei ya petroli, na upepo hautofautishi.

6. Maji yanaingia

Boti ya mbao hunywa. Yetu ni ya mninga, urefu mita saba, na kila mwaka tunaikalafati kwa pamba iliyolowekwa mawese, fundi wa Kirando akitusimamia kama mwalimu mkuu. Hata hivyo matone yanapita. Mahali maji yanapokusanyika tumboni mwa chombo panaitwa ngama, na chombo cha kuyakumbia ni upo. Upo wetu ni dumu la mafuta ya kula lililokatwa mdomo.

Nani akumbe? Mwaka wa kwanza tuligawana kwa zamu na zamu zilileta ugomvi. Sasa kuna sheria moja: anayekumbusha ya mwaka jana, anakumba. Mwalimu alikumba siku mbili mfululizo. Siku ya tatu nilianza, "Unakumbuka pale Chala ulipo..." na upo ukawa mkononi mwangu kabla sijamaliza.

Kwenye mambo mawili hatutaniani. La kwanza jaketi okozi: huvai, hupandi, wakaguzi wa vyombo wa TASAC waje au wasije. La pili utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mwalimu anausoma kwenye simu kila jioni, kisha anaenda kumuuliza mzee mmoja wa pale ufukweni ambaye hana simu. Wote wawili wakikubaliana, tunatweka. Mmoja akisita, tunapika chai.

5. Liemba

Mama mkwe wangu alijifungua mtoto wake wa tatu wiki ambayo Liemba ilichelewa, na mpaka anazeeka alikuwa akitaja tarehe hiyo kwa meli, si kwa kalenda. Ndivyo mwambao ule ulivyopimwa: meli imepita, meli haijapita. Sehemu nyingi hazikuwa na gati. Meli inasimama mbali, inapiga honi, na mitumbwi inaikimbilia na abiria, mikungu ya ndizi, magunia ya dagaa, mbuzi anayelia. Mwalimu alikuwa mmoja wa watoto wa mitumbwi hiyo. Anaweza kukuigiza honi yake mpaka mbwa wa Pito wajibu.

Meli yenyewe ina maisha kama ya riwaya. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa yote, ikatiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, ikaungwa upya, ikashushwa majini Februari 1915. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imewaka, na Waingereza nao wakaleta viboti vyao viwili, Mimi na Toutou, wakavivuta misituni na milimani kutoka Afrika Kusini, na siku moja baada ya Krismasi ya 1915 wakaikamata Kingani, meli ya Wajerumani. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha Götzen wenyewe wasiiache mikononi mwa adui. Lakini mafundi waliotumwa kuizamisha waliipaka injini grisi kwanza. Ikalala majini miaka. Ikainuliwa 1924, ikafanyiwa kazi, ikarudi safarini 1927 kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone aliwasikia watu wa kusini mwa ziwa wakiliita ziwa lenyewe alipofika 1867.

Habari ya grisi ndiyo inayonishika. Umeamriwa kuua kitu, na mkono wako unakiandalia kuamka. Ni fundi tu atakayefanya hivyo. Nami nina magauni ya wateja waliogombana na wachumba wao, wakaniambia niyachanechane. Yamekunjwa kabatini, yamewekewa dawa ya nondo.

Juni ile Liemba haikupita. Ilikuwa imelala Kigoma miaka kadhaa ikisubiri matengenezo. Tulipokuwa tunapita mbele ya Kirando, Mwalimu alisimama tezi, nyuma ya boti, usukani kauachia goti, akapiga ile honi yake kwa mdomo. Ufukweni mtoto mmoja asiyejua Liemba wala Götzen alianza kukimbia kuelekea majini. Damu hukumbuka.

4. Kuhe wawili

Visiwa vya Kipili si vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Lupita kina hoteli ya wageni, na sisi hupita mbali kidogo tusiwaharibie picha. Ulwile ni kikubwa, kina watu wake na vijiji vya wavuvi, ukifika unasalimia nusu saa kabla hujafunga kamba. Kuna Mvuna, kuna Kerenge. Halafu kuna Nkondwe, na Nkondwe ndipo nilipotaka kufika.

Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda sana. Mchanga tuliozoea kuvutia boti ulikuwa chini ya maji, miti imesimama ndani mpaka magotini. Tukafunga kwenye mti mmoja, tukakaa ndani ya boti na chai ya maziwa ya unga. Maji pale yamesafika hivi kwamba kivuli cha boti kilikuwa kimelala chini kwenye mawe, na ungeweza kuhesabu mawe.

Nikaona samaki wawili, wakubwa, rangi ya dhahabu iliyofifia na madoa meusi ubavuni. Walikuwa hawaendi popote. Mmoja anaelea juu ya jiwe, mwingine anazunguka duara, pole pole, na kati yao kama moshi wa vumbi. Nikamwita Mwalimu. Akainama ukingoni, akanyamaza.

"Kuhe," akasema baadaye. "Ule moshi ni watoto."

Vifaranga, mamia kwa mamia, kila kimoja kama punje ya ulezi yenye macho. Kuhe husemwa kuwa ni miongoni mwa wakubwa kuliko wote wa ukoo wa perege na sato duniani. Anaweza kukaribia urefu wa mita. Dume na jike hulinda mayai pamoja, halafu hulinda watoto pamoja, na wakati wote huo hawali. Wataalamu wanaamini huzaa mara moja tu maishani mwao. Wakimaliza kulea, nguvu imekwisha.

Tulikaa saa nzima. Samaki mwingine, mwembamba, alikuja upande wa kushoto ananyemelea. Yule wa duara akamfuata mara moja kwa kasi iliyotikisa maji, akamrudisha, akarudi yeye mwenyewe mahali pale pale. Hakumfuata mbali. Yule wa kwenye jiwe hakusogea hata kidogo, akabaki na watoto.

"Yule anayezunguka ni nani," nikauliza, "baba au mama?"

"Wanapokezana."

"Wewe ulipokezana lini?"

"Mwaka 2009 nilibeba mtoto mgongoni siku ya gulio."

"Siku moja."

"Mpaka leo wanaikumbuka gulioni." Akacheka, mabega yakamtikisika, boti ikacheza, na wale kuhe wote wawili wakageuka kututazama.

Mwalimu ni mtoto wa mvuvi. Mwaka mwingine angekuwa na mshipi mkononi, na kuhe wa kuchoma si samaki wa kusahau. Jioni, Nkondwe ikiwa nyeusi nyuma yetu, alisema ameshakula kuhe wengi tangu utotoni na hajawahi kujua kama aliyekula alikuwa yule wa jiwe au yule wa duara. Hakula dagaa wake wote usiku ule. Niliwala mimi, waliobaki.

3. Kina

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali palipo pa kina zaidi, na hapo ni kwenye bonde lake la kusini, upande wetu. Duniani ni Baikal tu linalolizidi. Sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Nilipiga hesabu: kushuka kote kule kutoka Pito mpaka Kipili, koti na sweta zikivuliwa, ni kama mita 1,000. Mlima mzima wa kwetu ukitumbukizwa mle, unamezwa na nafasi inabaki. Mwalimu alisubiri nishtuke. Nikamwambia mtu huzama kwenye mita mbili vizuri tu, hayo mengine ni mapambo.

2. Mama ameyasalimia maji

Mama yangu amepita miaka sabini. Amekula migebuka mikavu tangu ana meno ya kwanza, amewapikia watoto, amewapikia wajukuu, na ziwa lenyewe hajawahi kuliona. Wako wengi kama yeye huku juu. Samaki wanapanda kila siku kwa magari, sisi hatushuki. Tunajua bei yao, hatujui kwao.

Septemba tulimleta. Sasa, kwetu mama mkwe na mkwe hawakai bega kwa bega, wala hawatazamani usoni ovyo ovyo. Heshima ina umbali wake. Boti yetu ina mita saba. Mama akakaa omo, mbele ya boti, mgongo kwa mkwe, kanga mpaka kwenye nyusi, jaketi okozi juu ya kanga. Mwalimu akajikunja tezi kabisa, nusu yake iko nje ya boti. Mimi katikati, simu ya upepo.

"Mwambie mkwe asiende mbali."

"Mwambie mama nchi kavu tunaiona."

"Mwambie nami naiona, ndiyo maana nasema."

Upepo ulikuwa mdogo wa asubuhi, wa kusukuma tu. Mbele ya Ulwile Mama alichungulia ukingoni, akachovya vidole, akavilamba. Akasubiri. Akachota kiganja kizima akanywa.

"Hayana chumvi."

"Hayana, Mama."

"Aliyeniambia yana chumvi ni nani?" Aliye­mwambia ni marehemu baba, lakini hilo nililiacha lipite. Akanyamaza kwa muda. Kisha akaviinua viganja, akapiga makofi taratibu, yale ya chini chini, tunayowapigia wakubwa tunapowasalimia, akayapigia maji. "Miaka yote nakula watoto wenu," akasema, "na hodi sijapiga."

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ametazama upande mwingine, kama heshima inavyotaka, na macho yalikuwa yanamlengalenga.

Jaketi okozi Mama hakulivua. Si ufukweni, si kwenye basi, si Namanyere tuliposhuka kula. Kondakta alimwambia, "Bibi, huku hakuna maji." Akamjibu, "Na wewe hujaniambia unavyoendesha." Aliingia nalo Pito saa mbili usiku, baridi inauma, akasema lina joto kuliko sweta zangu zote.

1. Kubisha

Mwezi Mei mpaka Septemba kusi huvuma ziwani, kutoka kusini-mashariki. Ni upepo mwema na mgumu. Husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na huku kwetu kusini maji baridi ya chini yanapanda kujaza nafasi, yamebeba rutuba, na dagaa wanapata malisho. Upepo unaotutikisa ndio unaotulisha. Ila ukitoka Kipili kwenda Kabwe, kaskazini, uko mgongoni mwako: siku moja, unakunywa chai njiani. Kurudi uko usoni. Siku tatu.

Tanga haliwezi kwenda moja kwa moja kwenye upepo. Linapigapiga tu kama shuka kwenye kamba, na boti inarudi nyuma. Lazima uende mshazari: unatoka ndani ya ziwa, unageuza, unarudi kuelekea nchi, unageuza, na kila mara umechuma kipande kidogo cha mbele. Kazi hiyo, mabaharia wanaiita kubisha. Kiswahili kimempa nahodha na mbishi neno moja.

Safari moja, kabla ya ile ya Mama, tulitoka Kabwe hatusemezani. Jana yake, tumekaa ufukweni, Mwalimu alinitolea lililokuwa moyoni mwake. Amebakiza miaka michache astaafu, na anataka tuhamie Kipili. Moja kwa moja. Nyumba ya Pito tupangishe. Nami nina wateja Pito, nina Mama Pito, nina shamba linalonijua. Nikasema hapana, naye akasema hapana kwa hapana yangu, na tukalala kila mtu na ukuta wake, ingawa hema halina kuta.

Kubisha kunataka watu wawili. Kila mkigeuza, mmoja yuko kwenye usukani, mwingine anaachia demani, anazungusha foromali upande wa pili wa mlingoti, na ile nguo yote, wiki tatu za gumba langu, inalia kichwani kama radi mpaka ishikwe tena. Huwezi kuifanya kwa kununa. Asubuhi ile maneno yetu yalikuwa haya tu:

"Tayari?"

"Tayari."

"Geuza!"

"Legeza!"

"Vuta. Vuta. Basi."

Niliacha kuhesabu tulipogeuza mara ya thelathini. Mawimbi yalikuwa yanapasuka omo na kunirudia usoni, viganja vinawaka. Wakati fulani mchana, tumeelekea ndani ya ziwa, wimbi la upepo lilikuja kubwa, boti ikalala ubavu mpaka maji yakachungulia ndani. Mimi nilikuwa nimeing'ang'ania demani kwa nguvu zangu zote, nikidhani ninatuokoa. Mwalimu hakupiga kelele. Alisema, kwa sauti anayomwambia mtoto anayeogopa ubao, "Fundi. Legeza."

Nikalegeza. Kamba ikanitoka pima moja, tanga likamwaga upepo, boti ikasimama wima yenyewe. Hivyo tu.

Siku ya tatu, tumefunga Kirando, miguu yetu yote minne imening'inia majini, alianza yeye. "Mahindi yanataka watu Novemba mpaka Aprili," akasema. "Kusi inaanza Mei."

Sikujibu. Nilikuwa natoa mabaki ya uzi kwenye kucha.

"Masika Pito," akasema, "kiangazi huku."

"Na Mama?"

"Mama ana jaketi?" Wakati huo hakuwa nalo bado, aliona mbali, huyu mwanamume, nami sikumwambia.

Tangu hapo neno limeingia nyumbani. Akivuta sana habari ya fedha, nasema legeza. Nikivuta mimi, analisema yeye, na mtoto wetu wa mwisho siku moja alimwambia mwalimu wake wa nidhamu, tukaitwa shuleni.

Wiki iliyopita tanga lilikuwa uani tena. Jirani akapita, safari hii bila pole, akanikuta na wembe nafumua mshono wa chini.

"Limechanika?"

"Linaongezwa pima moja," Mwalimu akajibu kutoka mlangoni, madaftari kwapani.

Hilo tulikuwa hatujakubaliana. Nikainua kichwa, nikamtazama. Jirani naye akamtazama.

"Nusu pima," akasema Mwalimu.

Nikaendelea kufumua.